Ada ya Uchapishaji na Habari za Kilwa

Uchapishaji huria, yaani kutoa kazi za kitaalamu zisomwe na kila mtu bila malipo, umesifiwa sana tangu Azimio la Budapest la mwaka 2002. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini yafaa tuupime kwa kuutazama kutoka pwani ya Kilwa na Lindi, ambayo habari zake zimezoea kuchapishwa mbali nayo.

Historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu ilichapishwa na S. Arthur Strong mwaka 1895 katika jarida la Royal Asiatic Society, London. Utenzi wa Vita vya Maji Maji, alioutunga Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ulitoka Ujerumani mwaka 1933. Hata 1957 ndipo ulipochapishwa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mtangulizi wa Taasisi yetu. Jarida la Azania lilianzishwa Nairobi mwaka 1966, mhariri wake akiwa Neville Chittick, aliyefukua magofu ya Kilwa. Leo huchapishwa na Routledge, na makala zake nyingi husomwa kwa malipo. Basi mwalimu wa shule wa Kilwa Masoko, asiye na maktaba ya chuo kikuu, hutakiwa alipe ndipo asome yaliyofukuliwa kwao.

Wapo wasemao kwamba dawa ni uchapishaji huria. Kwa msomaji, ni kweli. Lakini gharama za kuhariri na kuhifadhi haziondoki, huhama tu. PLOS Biology ilipoanza mwaka 2003 ilimtoza mwandishi dola 1,500. Mwaka 2020 Nature ilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Mtafiti wa Ulaya aghalabu hulipiwa na mfuko wa utafiti. Wa kwetu mara nyingi hana mfuko huo. Baadhi ya majarida husamehe ada, lakini msamaha ni hisani, wala si haki. Hivyo mtu wa Lindi ataweza kuzisoma habari zake, asiweze kuziandika.

Iko njia nyingine. Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, husomwa bure wala halimtozi mwandishi. Vyuo vyetu navyo vyapasa kuzibeba gharama za majarida yao, kwa fungu la kudumu katika bajeti. Mkono mtupu haulambwi: jarida lisilo na fungu huchelewa, kisha hufa. Tusipotoa fedha hiyo, habari za Kilwa zitaendelea kuandikwa na wenye uwezo wa kulipa.