Mshale Usiposema Kweli

Land Rover kuukuu ikishavuka Lualaba kwa kivuko, ikauacha mji wa Kindu, mashariki ya Kongo, nyuma na kushika njia ya Pangi na Kama, dereva hugawa macho yake sehemu mbili: tope lililo mbele, na mshale wa joto la injini. Tope halina hila. Mshale ndio wa kuogopwa. Injini ndiyo kwanza imewashwa, wenyewe umeshapanda hadi kwenye H. Siku nyingine boneti haishikiki kwa moto, nao umelala kwenye C kana kwamba gari limeamka sasa hivi.

Hapo madereva hutengana. Wako wanaousadiki: husimama kila baada ya kilima, huongeza maji ya mtoni kwenye rejeta, na safari ya siku moja huwa ya siku mbili. Wako waliokwisha kuukatia tamaa, wakaufunika kwa kipande cha plasta. Wa kwanza hupoteza muda. Wa pili hupoteza gasketi ya silinda hedi, na mara nyingine hedi yenyewe, kwa kuwa chuma kilichopata moto kupita kiasi hupinda. Katikati yao anasimama fundi, na kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana: aseme nani mgonjwa, injini au kipimo chake, kabla hajalegeza hata nati moja.

Zamani mambo yalikuwa wazi zaidi. Katika miaka ya 1910 na 1920 magari mengi yalifungwa Boyce MotoMeter, kipimajoto cha kioo kilichokaa juu kabisa ya kifuniko cha rejeta, dereva akikisoma kutoka kitini kwake. Baadaye ukaja mrija mwembamba wa shaba wenye etha ndani yake. Injini ikipata moto, mvuke wa etha husukuma mshale. Mrija ukipasuka kipimo kimekufa, na hakuna wa kubishana naye. Uongo wa kujificha uliingia na umeme.

Katika Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, sensa ndogo imekazwa kwenye injini ikigusa maji. Maji yakipata moto, ukinzani wa sensa hupungua na umeme mwingi zaidi hupita. Umeme huo hupasha uzi uliozungushiwa kibamba cha metali mbili zilizogandamana ndani ya geji. Kibamba hupinda, mshale husogea. Yaani kipimo cha joto chenyewe huendeshwa kwa joto, na ndiyo sababu mshale hupanda polepole badala ya kuruka. Nyuma ya dashibodi kuna mhusika wa tatu, kisanduku cha bati kisichotimiza ukubwa wa kiberiti, kinachoushusha umeme wa betri hadi wastani wa volti 10 na kulisha geji ya joto pamoja na ya mafuta ya tangi.

Fundi anayeijua kazi huanza na visivyogharimu kitu. Gari likiwa limepoa, anafungua kifuniko cha rejeta na kuangalia maji. Sensa iliyobaki hewani kwa sababu maji yamevuja haiwezi kusoma maji, na mshale unaoshuka ghafla kilimani ni habari mbaya kuliko unaopanda. Maji yakiwapo, anawasha swichi na kuuliza kuhusu tangi. Dereva akisema, “Jana nilitia lita kumi tu, lakini inaonyesha tangi limejaa,” kesi imekaribia kwisha: geji mbili hazilewi pamoja bila kunywa chungu kimoja. Kisanduku cha bati kimepoteza ethi, yaani mguso wake na bodi ya gari, au kimegandia ndani, na umeme mzima wa betri unapita kwenda kwenye mishale yote miwili.

Hapa wanagenzi huumbuka. Hugusa mdomo wa kisanduku kwa multimita ya kidijitali, wakaona namba zikirukaruka, 12, sifuri, 12, sifuri, wakakihukumu. Kumbe ndivyo kilivyo kikiwa kizima: hukata na kurudisha umeme ili wastani uwe 10. Balbu ndogo ya majaribio ni shahidi bora kuliko multimita, maana humeta kwa mapigo. Ikiwaka mfululizo bila kukatika, hapo ndipo pa kutafuta kingine, au kuchomelea saketi ndogo ya kisasa ya volti 10, kazi ambayo fundi redio yeyote anaiweza.

Geji ya mafuta ikiwa sawa, waya wa sensa huchomolewa. Mshale lazima ulale kwenye C. Waya ukiguswa kwenye chuma cha injini, kwa muda mfupi tu ili geji isiungue, lazima upande kuelekea H. Ukitii mara zote mbili, geji na waya vimetakaswa; kilichobaki ni sensa na mahali ilipokazwa. Mara nyingine dawa ni kuondoa ule utepe mweupe wa mafundi bomba, uliozungushwa kwenye nyuzi za sensa kuzuia kuvuja, ukaizuia pia isipate ethi.

Kisha sufuria. Sensa huning'inizwa katika maji juu ya jiko la makaa, waya wake ukiwa umerudishwa na mwili wake ukiunganishwa na hasi ya betri. Kindu iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya hapo huchemka karibu nyuzi 98. (Zile bunduki za kupimia homa zilizozagaa mashariki ya Kongo wakati wa Ebola hazisaidii: zimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu, hazifiki huko.) Maji yakitokota, mshale uliposimama hutiwa alama ya rangi kwenye kioo cha geji. Ndani ya sufuria hiyohiyo hutumbukizwa themostati, iliyogongwa namba yake, 82 au 88, kuona kama inafunguka kabla maji hayajachemka. Wengi hawana ya kutumbukiza, maana iliondolewa miaka mingi iliyopita kwa imani kwamba nchi ya joto haiihitaji. Injini hizo haziivi vizuri, zinakunywa mafuta, na mshale wao unaokaa chini husingiziwa uongo ilhali unasema kweli tupu.

Alama ile ya rangi, hata hivyo, ni ya Kindu. Gari hilohilo likipelekwa Bukavu, karibu mita 1,500 juu, maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 95. Kifuniko kizima cha rejeta, kwa kubana mvuke, huongeza zaidi ya nyuzi 10. Chenye mpira uliokauka hakiongezi kitu. Themostati ya 88 inafunguka, zinabaki nyuzi 7 tu, na maji yanaanza kutoka kwa kishindo huku mshale, uliopimwa na kuhakikishwa, ukiwa bado chini ya alama.