Nakshi Iliyofichwa Alani

Neno Solingen nililisoma mara ya kwanza kwenye wembe wa kinyozi. Alikuwa na kibanda hapa Shella, Malindi, si mbali na Msikiti wa Ijumaa, na kila alipomaliza kidevu kimoja aliupitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi, huku na huku, bila kuutazama. Maandishi yalikuwa madogo sana, karibu na mpini. Nilidhani ni jina lake. Miaka mingi baadaye nikalikuta neno lilelile kwenye upanga, na tangu siku hiyo sijachoka kuutazama mji huo kupitia vyuma vyake.

Solingen uko Ujerumani, kando ya mto Wupper, na maji ya mto huo yaliyazungusha mawe ya kunolea kwa karne nyingi. Upanga wa huko haukuwa kazi ya mtu mmoja. Mhunzi alifua, mwingine akakitia chuma motoni na kukizima ili kiwe kigumu, mnoaji akakipeleka jiweni, na fundi mwingine akakivika mpini na ala. Mafundi hao walikuwa na vyama vyao vya ufundi, na wanachama waliapishwa wasiuhame mji, siri zisije zikatoka nao. Kuna panga zao za kale zilizoandikwa kwa Kilatini kwamba Solingen ndiyo iliyoniunda. Upanga wenyewe ndio unaosema, na unaoutaja ni mji.

Ninazozipenda kuliko zote ni panga za heshima, zile ambazo maafisa wa jeshi walitunukiwa na wenzao katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiuona mmoja ukiwa ndani ya ala, hauna la kukusimamisha: ala ya chuma kitupu au ya ngozi nyeusi. Uvute. Bapa, kutoka kwenye kikono hadi katikati, ni buluu kama bahari ya kina kirefu, na juu ya buluu hiyo kuna majani, bendera, farasi na majina, yote kwa dhahabu.

Nimejaribu kuielewa kazi ile hatua kwa hatua. Bapa hupakwa nta au lami inayozuia tindikali. Mchoraji hupita na sindano juu ya nta, akiifungua mpaka chuma kionekane, wala hahitaji kukikwaruza. Mapambo yanayojirudia yaliweza kuhamishwa kwa karatasi nyembamba iliyochapwa kutoka kwenye bamba la shaba, lakini jina la mtu na maneno ya wenzake yalihitaji mkono. Kisha huja tindikali, nayo hula palipo wazi. Ukiitoa mapema mchoro hauna kina. Ukichelewa hupenya chini ya nta na kingo za mistari zikalika. Fundi husimama akitazama mapovu madogo, na hana kipimo kingine ila jicho lake.

Dhahabu nayo ilichanganywa na zebaki hadi ikawa laini kama uji mzito, ikapakwa kwenye mchoro, kisha chuma kikapashwa moto. Zebaki ilitoka kwa mvuke, dhahabu ikashika. Mvuke ule ni sumu, na wengi wa watia dhahabu wa Ulaya walimaliza maisha yao wakitetemeka mikono. Sitazami dhahabu ya upanga bila kuwakumbuka.

Buluu ndiyo inayonishangaza zaidi. Si rangi iliyopakwa. Chuma kilichosuguliwa kikapashwa moto polepole huwa njano kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na kinapokaribia digrii 300 huwa buluu. Kikizidi kidogo, buluu inafifia na kuwa kijivu. Sasa fikiria kulipasha bapa refu kama mkono wa mtu, lililo nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, na sehemu yote inayotakiwa ifike buluu kwa wakati mmoja.

Maafisa wa majini wa Kijerumani walikuwa na upanga wao wenye kichwa cha simba mpinini. Macho ya simba yule ni vioo viwili, kimoja chekundu na kimoja kijani, kama taa za chombo usiku. Mabaharia wa Shella hawahitaji kuelezwa maana yake. Mwaka 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga Zanzibar kumshinikiza Sultani Sayyid Barghash, na mwaka huohuo Ujerumani ikatangaza himaya yake Witu, kaskazini yetu kwenye njia ya Lamu. Miaka mitano baadaye ikawaachia Waingereza. Uzuri wa kazi haufuti yaliyotendwa na waliovaa panga zile. Heshima yangu ni kwa mikono ya karakana.

Na vyuma vya Ulaya vilishafika pwani kabla ya manowari hizo. Panga nyingi za Oman na Zanzibar zina bapa zilizofuliwa Ulaya, nyingine Solingen, zikavikwa mipini na ala na mafundi wa huku. Mzee mmoja wa mtaa wetu aliniwekea mmoja mapajani, umefungwa kwenye kanga kuukuu. Mpini ulikuwa umezungushiwa uzi wa fedha uliosukwa kwa subira kubwa. Bapa lilikuwa tupu, lina mifereji tu. Hapo nikaona tofauti. Sonara wa pwani aliweka nakshi mahali ambapo watu wa barazani wataiona upanga ukiwa umetulia. Fundi wa Solingen aliificha ndani ya ala, ionwe na yule tu aliyeruhusiwa kuuvuta. Kwa moyo wangu napenda zaidi ya kwetu, lakini ile iliyofichwa ndiyo inayonikosesha usingizi.

"Shika kwa kitambaa, mwanangu," mzee aliniambia. "Jasho lako lina chumvi."

Alisema kweli. Hewa yetu ya bahari haina huruma na chuma, na ngozi ya ala hushika unyevu, hivyo upanga wa kale hulazwa nje ya ala, umepakwa mafuta mepesi. Wenye panga za buluu wajihadhari na msasa na dawa za kung'arishia. Buluu ile ni nyembamba kuliko utando wa kitunguu. Kusugua asubuhi moja kunatosha kuimaliza, na hakuna fundi atakayeirudisha ilivyokuwa.

Wakusanyaji pia hudanganywa. Jina la jemadari huongezwa juu ya upanga wa kawaida ili bei ipande. Chukua kioo cha kukuzia utazame vishimo vya kutu: ikiwa mstari wa mchoro unapita juu ya vishimo na kuvikata, mchoro ulikuja baada ya kutu.

Mzee aliugeuza upanga wake kuelekea dirishani. Mwanga wa alasiri ulipolala juu ya bapa, karibu na mpini pakajitokeza mistari michache iliyokatwa kwa patasi: mgongo, miguu minne, mkia. Mbwa mwitu anayekimbia, alama ya wahunzi wa mji wa Passau ambayo Solingen waliiiga, na wahunzi wa Sudan nao wakaja kuiiga. Nilimwuliza kama alijua ni mnyama gani. Alisema babake alimwambia ni paa. Akaufuta kwa kanga, akaukunja, akaurudisha juu ya kabati.