Riwaya Njema Hupimwa kwa Kipimo Gani?

Katika madarasa ya siasa hapa Moshi swali hili hurudi mara kwa mara: kada asome riwaya ipi? Wako ndugu wanaojibu upesi kwamba riwaya njema ni ile yenye funzo safi na wahusika wa kuigwa. Kwa maoni yetu jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hupotosha.

Tuchukue Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971. Ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa hoja kwamba ingeharibu maadili ya vijana. Baadaye ilisomwa katika shule hizo hizo. Kitabu hakikubadilika, kilichobadilika ni kipimo cha wasomaji.

Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi anayemlinda kwa kipigo asikaribiane na wavulana. Akiwa shuleni, mbali na fimbo hiyo, Rosa hana silaha yoyote nafsini mwake. Anaporomoka, na mwishowe anajiua. Mwandishi angeweza kutuhubiria kwa sentensi moja kwamba malezi ya woga hayajengi utu. Badala yake anatufuatisha hatua za Rosa mpaka tuone wenyewe chanzo na matokeo. Hapo ndipo fani na maudhui hushikamana, na maadili ya riwaya huzaliwa humo.

Hatusemi kwamba mfano mwema hauna thamani. Utubora Mkulima ya Shaaban Robert inamwonyesha mtu anayeacha kazi ya mjini na kushika jembe. Lakini kada anayeisifu kwa sababu tu inaafikiana na Azimio la Arusha la mwaka 1967 hajaihakiki riwaya, amelisifu Azimio. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Hakuandika ili kutimiza agizo letu, bali alitafuta utu kwa lugha yake.

Mkulima wa Marangu au Kibosho anaelewa jambo hili. Kahawa haipewi daraja kwa maneno yaliyoandikwa juu ya gunia. Hukobolewa, hukaangwa, huonjwa. Na mkulima huyo huyo, aliyelipa ada ya bintiye kwa fedha ya kahawa, akimsoma Zakaria hawezi kusema kwamba hizo ni habari za Ukerewe tu. Atajiuliza: nimempa mwanangu nini zaidi ya ada na onyo?

Hapana budi tujikosoe. Sisi wakufunzi tumewahi kuwakataza vijana vitabu ambavyo hatukuvimaliza, tukiogopa ukurasa mmoja na kupoteza kitabu kizima. Tulikuwa tukifanya kazi ya Zakaria.

Basi, ndugu, kabla ya kuuliza riwaya inafundisha nini, tuulize kwanza: je, inatuonyesha binadamu kweli, na sababu zilizomfikisha alipo? Riwaya isiyofanya hivyo, hata ikijaa kaulimbiu zetu, ni gunia lenye maandishi mazuri na maganda matupu.