Haki ya Kisogo

Tanzania ilipotoa sarafu zake za kwanza mwaka 1966, zote zilibeba kichwa cha Mwalimu Julius Nyerere kilichochorwa kwa upande. Upande wa pili kulikuwa na samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye senti hamsini na mkono ulioshika mwenge kwenye shilingi. Mbunifu wa sarafu hizo, Mwingereza Christopher Ironside, alipewa kiduara kisichofika sentimita tatu kwa upana, na humo akatakiwa kumweka mtu anayejulikana na taifa zima. Nyenzo zake zilikuwa jicho moja, sikio moja, pua, kidevu na kisogo. Vilitosha. Mama muuza ndizi sokoni hakuhitaji kusoma maandishi ili ajue ni nani anayemrudishia mteja kama chenji.

Kwa nini upande, wala si mbele? Sababu ya kwanza ni ya kiwandani. Sarafu ni kipande chembamba cha madini, kinasuguana mifukoni na mezani miaka nenda rudi, na uso uliochongwa kwa mbele hutanguliza pua katika msuguano huo. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza aliyaona haya. Katika miaka ya 1540 aliamuru fedha ya sarafu zake ichanganywe na shaba nyingi, na kwa kuwa sura yake ilitazama mbele, rangi ya fedha ilikwanguka kwanza puani. Shaba ikachungulia. Raia wakambatiza Mzee Pua ya Shaba, jina lililomfuata hadi kaburini na kupita.

Sababu ya pili ndiyo inayomhusu anayejifunza kuchora. Utambulisho wa mtu umelala kwenye mstari mmoja unaoshuka kutoka mwanzo wa nywele, ukapita paji, mwanzi wa pua, midomo na kidevu, ukaishia kooni. Anayechora uso wa mbele ana njia nyingi za kujiokoa: macho mawili yenye kung'aa, kivuli shavuni, tabasamu. Kwa upande hakuna pa kujificha. Pua ikizidi milimita mbili, aliyechorwa si yule aliyeketi bali ndugu yake, na ikizidi nne ni jirani.

Ajabu ni kwamba balaa kubwa la wanafunzi halipo kwenye mstari huo hata kidogo. Lipo nyuma. Mwanafunzi huanza na pua, akaitengeneza kwa uangalifu, akashuka midomoni, akamaliza kidevu, kisha akakumbuka kwamba kichwa kina sehemu nyingine. Hapo huvuta duara la haraka na kulifunga karibu sana na sikio. Matokeo ni mtu mwenye uso mzuri asiye na mahali pa kuweka ubongo. Betty Edwards, mwalimu Mmarekani aliyechapisha kitabu chake maarufu cha kufundisha kuchora mwaka 1979, alilieleza kosa hili kwa kirefu, maana alilikuta kwa wanafunzi wengi mno. Chanzo chake kinaeleweka. Uso ndio unaosema, unaocheka na kununa, kwa hiyo jicho la anayetazama huupa ukubwa usiostahili. Kisogo hakisemi kitu, basi wachoraji nao wanakipa kisogo.

Dawa ya zamani ni kuanza na mraba kabla ya kuanza na mtu. Kichwa cha mtu mzima kikitazamwa kwa upande, umbali kutoka paji hadi kisogoni unakaribia sana urefu kutoka utosini hadi kidevuni. Kwa wengi unapungua kama sehemu moja ya nane tu. Gawa mraba huo kwa mstari wa mlalo katikati, na jicho litakaa hapo. Katikati! Wanaoanza hubisha, kwa sababu wamezoea kuweka macho juu karibu na nywele, mpaka wanyooshe mkono, washike penseli wima mbele ya jicho lao moja lililo wazi na kupima kwa kidole gumba. Penseli haina ubishi. Kisha mstari wa wima katikati: sikio hukaa nyuma yake, si mbele, ncha ya juu ikilingana na nyusi na ndewe ikilingana na chini ya pua.

Kuna kanuni kongwe zaidi. Vitruvius, mjenzi wa Roma ya kale, aliandika kwamba uso una theluthi tatu zilizo sawa: kutoka kidevu hadi chini ya pua, kutoka hapo hadi nyusini, na kutoka nyusini hadi nywele zinapoanzia. Mmarekani Andrew Loomis, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu kuchora vichwa na mikono, alizigeuza hesabu za namna hii kuwa mpira uliokatwa ubavuni na kuongezewa taya, na hadi leo vijana wengi wanaojifundisha wenyewe huanzia kwenye mpira huo.

Maelezo mengine ni madogo ila yanaumbua. Jicho kwa upande halina umbo la lozi, bali ni kabari fupi inayokaa ndani, nyuma ya mwanzi wa pua. Wamisri wa kale waliweka jicho zima la mbele kwenye uso wa upande, lakini wao walifanya hivyo kwa kukusudia, ndani ya utaratibu wenye vipimo ambamo mtu aliyesimama aligawanywa miraba 18 kutoka nyayo hadi mwanzo wa nywele; mwanafunzi wa leo hana kisingizio hicho. Shingo nayo haisimami wima kama mpini wa mwiko. Huinama mbele ikipanda kuelekea chini ya fuvu, na anayeinyoosha humpa mtu wake ukakamavu wa askari anayesubiri kukaguliwa.

Sikio linastahili aya yake. Wengi hulichora kama alama ya kuuliza, wakapita. Alphonse Bertillon wa polisi wa Paris, aliyepanga utaratibu wa kuwatambua wahalifu kwa vipimo katika miaka ya 1880, alitaka kila aliyekamatwa apigwe picha mbili, moja ya mbele na moja ya upande, na ya upande ilikuwa ya kulia, sikio likionekana wazi. Aliamini hakuna kiungo cha kichwa kinachotofautiana kati ya mtu na mtu kama sikio. Mchoraji anayeliangalia sawasawa, mikunjo yake na namna ndewe inavyoshikana na shavu au kuning'inia, ataona polisi huyo hakukosea sana.

Sasa swali gumu: uwiano sahihi ni wa nani? Karne ya 18, mwanaanatomia Mholanzi Petrus Camper alichora mafuvu kwa upande na kupima pembe ya uso, kutoka paji hadi taya la juu. Mwafrika akampa nyuzi 70, Mzungu 80, sanamu za Kigiriki 100. Camper mwenyewe aliamini binadamu wote ni wa asili moja, lakini waliomfuata waliligeuza jedwali hilo kuwa ngazi ya ubora wa watu, na mchoro wa upande ukawa silaha ya ubaguzi. Kichekesho ni kwamba pembe ya 100 haikuwa ya mtu yeyote aliye hai. Wachongaji wa Ugiriki walilisukuma paji mbele kwa ajili ya uzuri wa miungu yao, na wasomi wakachukua jiwe lililotiwa chumvi kuwa kipimo cha nyama na mifupa.

Kijana wa Mwanza au Kisumu anayejifunza kwa kitabu cha Loomis, ambacho nyuso zake ni za Marekani ya miaka ya 1950, ana haki ya kutenganisha mambo mawili. Vipimo vya fuvu, yaani jicho katikati, sikio nyuma ya mstari na kina kinachokaribia urefu, vinamfaa popote alipo, mradi anachora mtu mzima. Mtoto mchanga ana fuvu kubwa na taya dogo, macho yake yako chini ya nusu, na ukimpa vipimo vya baba yake unapata kizee kifupi. Lakini mstari wa mbele, yaani mteremko wa paji, kimo cha mwanzi wa pua, unene wa midomo na mahali kidevu kinapoishia, hauna kanuni. Huo husomwa kwa aliyeketi.

Mchoraji Mwitaliano Piero della Francesca alilijua hilo. Picha yake ya Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, iliyoko kwenye jumba la Uffizi mjini Florence, inamwonyesha kwa upande wa kushoto, kwa kuwa jicho la kulia lilipotea kwenye mashindano ya mikuki mwaka 1450. Mwanzi wa pua una pengo kama ngazi. Vinyama vya shavuni vimo. Hakuna kitabu cha uwiano kinachokubali pua ile, na hakuna aliyeiona akaisahau.

Kwa Afrika Mashariki, walimu wa fani hii walikuwa barabarani: wachoraji wa mabango ya vinyozi. Vichwa vyao vingi ni vya upande, maana panki, kiduku au mstari uliokatwa juu ya sikio haviuziki kwa mbele. Pua zao zaweza kufanana kutoka kibanda hadi kibanda, lakini kisogo kimepewa nafasi yake yote, kwa sababu ndicho mteja anachokilipia. Bango la picha iliyochapwa linazidi kuziondoa kazi hizo ukutani. Anayetaka kujifunza azitafute mapema. Akirudi nyumbani amwombe mtu akae kwa upande robo saa karibu na dirisha, apime kwa penseli, aanze na kisogo, na pua aiache iwe ya mwisho.