Ada ya Dola 795: Jinsi Chase Ilivyoisuka Upya Sapphire Reserve

Kuanzia Juni 23, 2025, benki ya JPMorgan Chase ya Marekani ilipandisha ada ya mwaka ya kadi yake ya mkopo ya Sapphire Reserve kutoka dola 550 hadi dola 795. Pamoja na ada hiyo lilikuja tangazo kwamba mwenye kadi sasa anapata manufaa yenye thamani ya zaidi ya dola 2,700 kwa mwaka. Ukizitazama harakaharaka, namba hizo mbili zinaonyesha biashara nzuri. Tatizo ni kwamba hazipimwi kwa mizani moja. Ya kwanza ni fedha inayokatwa kwa mkupuo, mteja asafiri asisafiri. Ya pili ni jumla ya bei za huduma ambazo nyingine kati yake mteja asingezinunua kwa fedha yake mwenyewe.

Kadi hii ilizaliwa Agosti 2016 ikiwa na ada ya dola 450 na zawadi ya kujiunga ya pointi 100,000. Watu waliikimbilia kiasi kwamba benki iliishiwa metali ya kutengenezea kadi zenyewe. Kabla mwaka huo haujaisha, mtendaji mkuu Jamie Dimon aliwaambia wawekezaji kwamba kadi hiyo ingepunguza faida ya robo ya mwisho kwa dola milioni 200 hadi 300. Mwaka uliofuata zawadi ya kujiunga ikakatwa nusu, na mwaka 2020 ada ikafika dola 550. Kwa hiyo benki ilijifunza mapema kwamba zawadi ambayo mteja anaitumia apendavyo ni ghali. Mabadiliko ya 2025 yanapaswa kusomwa kwa mwanga huo.

Kitu kimoja hakikuguswa: dola 300 zinazorudishwa kila mwaka kwa matumizi ya safari ya aina yoyote, iwe tiketi ya ndege, nauli ya treni au maegesho ya gari. Kwa anayesafiri, hizo ni sawa na fedha taslimu. Ukizitoa kwenye ada, gharama halisi ya zamani ilikuwa dola 250 na ya sasa ni dola 495. Tofauti ni dola 245, na swali lote liko hapo: je, vilivyoongezwa vinazifidia?

Kwenye orodha kulikuwa na dola 500 kwa hoteli za kundi liitwalo The Edit, dola 300 kwa migahawa maalumu inayopatikana kupitia OpenTable, dola 300 kwa tiketi za matamasha na michezo kupitia StubHub, usajili wa Apple TV+ na Apple Music, na dola 10 kila mwezi kwa wanachama wa Peloton. Ufundi wenyewe umo kwenye masharti. Fedha ya hoteli iligawanywa kuwa dola 250 kwa kila nusu mwaka, tena kwa anayelipa kabla na kulala angalau siku mbili. Ya migahawa na ya tiketi hutolewa dola 150 kabla ya Juni kwisha na 150 nyingine kabla ya Desemba kwisha. Nusu isiyotumika haiendi mbele, inakufa. Migahawa yenyewe ni ya miji fulani tu, kwa hiyo anayeishi mbali na miji hiyo anaisoma dola 300 kwenye tangazo na hana pa kuitumia. Baadaye benki ililegeza kidogo: kuanzia 2026 iliondoa mpaka wa nusu mwaka kwenye fedha ya hoteli, ingawa kila uwekaji nafasi bado una kikomo cha dola 250.

Njia ya haki ya kupima vitu hivi ni kuuliza mteja angetoa kiasi gani kwa kila kimoja kama kingeuzwa peke yake. Aliyekuwa tayari analipia Apple Music aandike bei yake yote. Anayelala hoteli za kifahari mara mbili kwa mwaka aandike sehemu kubwa ya zile 500, lakini kwanza alinganishe bei ya The Edit na bei ya hoteli hiyohiyo kwingineko. Asiye na baiskeli ya Peloton aandike sifuri bila kuona haya. Wengi wakimaliza zoezi hili hubakiwa na mamia ya dola tu, na zile 2,700 haziko tena.

Upande wa kukusanya pointi ulibadilika kimyakimya zaidi. Zamani kila dola ya safari isiyonunuliwa kupitia Chase ilileta pointi tatu. Sasa tiketi za ndege na hoteli zilizolipiwa moja kwa moja kwa shirika au hoteli huleta pointi nne, mgahawa umebaki na tatu, na safari iliyonunuliwa kupitia Chase yenyewe ina nane. Lakini treni, basi, maegesho, ushuru wa barabara na nyumba za Airbnb zimeshuka hadi pointi moja. Hesabu yake ni nyepesi: kila dola ya ndege au hoteli imeongeza pointi moja, kila dola ya zile nyingine imepoteza mbili. Ili mteja abaki pale alipokuwa, matumizi yake ya ndege na hoteli lazima yawe mara mbili ya matumizi mengine ya safari. Anayekwenda kazini kwa treni kila siku na kupanda ndege mara moja kwa mwaka amepunguziwa.

Pigo kubwa kuliko yote, hata hivyo, liko kwenye kuzitumia pointi. Tangu mwanzo pointi moja ilikuwa na thamani ya senti 1.5 kwa safari yoyote iliyonunuliwa kupitia benki. Pointi 60,000 zilikuwa dola 900, na mteja alijua hivyo miezi mingi kabla ya kusafiri. Mpango mpya, Points Boost, unatoa hadi senti mbili, lakini kwa ndege na hoteli ambazo benki imezichagua. Kwingineko pointi ni senti moja, na zile 60,000 zinakuwa dola 600. Dola 300 zimeondoka bila kuandikwa popote kuwa ni ada. Waliokuwa na kadi kabla ya mabadiliko walipewa nafuu: pointi walizokusanya kabla ya Oktoba 26, 2025 zinabaki na senti 1.5 hadi Oktoba 26, 2027. Hata kwa nafuu hiyo, badiliko hili la thamani ya pointi ndilo pigo zito zaidi, kwa sababu liliondoa uhakika, na mtu anayedunduliza pointi kwa safari ya familia anahitaji uhakika kuliko kitu kingine.

Kuhamishia pointi kwa mashirika ya ndege, pointi moja kwa maili moja, hakukuondolewa. Kwa Mtanzania au Mkenya anayeishi Marekani hilo lina maana: Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, umo kwenye orodha, na KLM inatua Nairobi, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Ila njia hiyohiyo iko wazi kwa mwenye Sapphire Preferred, kadi ndogo ya benki hiyohiyo, ambayo ada yake mwaka huo wa 2025 ilikuwa dola 95.

Chase haikuwa peke yake. Septemba 2025 American Express ilipandisha ada ya Platinum kutoka dola 695 hadi 895 kwa mtindo uleule wa marejesho yaliyokatwa vipandevipande na kufungwa kwa kampuni fulani.

Kwa anayelala hoteli za kifahari, anayeishi kwenye miji mikubwa na kulipa deni lote kila mwezi, dola 795 zinaweza kurudi. Anayebeba deni mwezi hadi mwezi asiiguse kabisa, maana riba ya kadi hizi iko karibu asilimia 20 kwa mwaka au zaidi, na hakuna pointi zinazofidia hilo. Kwa msafiri wa kawaida, mwenye treni, teksi na tiketi moja ya kwenda nyumbani, kadi hii sasa ni ghali. Apige simu benki kabla ada haijakatwa na aombe kuhamishiwa Preferred, pointi zake zikiwa salama.