Geti Linalojua Kukataa
Katika miji ya Busia na Tororo, ambako banda la gari kwa kawaida hufungwa kwa geti la chuma lililochomelewa na fundi wa jua kali, kuliendesha geti hilo kwa bodi ndogo ya elektroniki ni ufundi unaostahili sifa kubwa kuliko zile unazopewa, kwa kuwa ubora wake hupimwa hasa kwa nyakati ambazo geti linakataa kufunguka.

Bodi hiyo ni kibao kinachobeba mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyotiwa ndani ya chipu moja pamoja na kumbukumbu yake na pini za kupokelea na kutolea ishara. Arduino, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu wasio wahandisi, ndiyo iliyowafikishia watu wengi wa kawaida ujuzi huu; toleo lake liitwalo Uno R3 lina nafasi ya programu ya kilobaiti 32 tu, ambayo haitoshi kuhifadhi picha moja ya simu, lakini kwa kazi ya geti inatosha na kusaza. Pini yake hutoa volti 5 na mkondo wa miliampia 20 hivi, nguvu isiyoweza kuzungusha mota, na ndiyo maana huwekwa rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ambayo huunganisha nyaya mbili za kitufe cha mota kwa nusu sekunde kisha huziachanisha, kama kidole kinavyobonyeza na kuachia.

Amri yaweza kutoka kwenye simu. Bodi huunganishwa na kifaa kilichotiwa laini, na mwenye nyumba anapopiga, programu husoma namba yake, huitafuta katika orodha iliyoruhusiwa, hukata bila kupokea na kufungua geti, hivyo kwamba desturi ya kubipu, iliyozaliwa na uhaba wa salio, inakuwa ufunguo usiogharimu hata shilingi. Hapo ndipo mpaka wa Kenya na Uganda unapoingia ndani ya programu. Mafundi wengi hulinganisha tarakimu 9 za mwisho pekee, njia ya mkato isiyo na madhara makubwa Nairobi wala Kampala. Lakini Busia ni mji uliogawanyika kati ya nchi mbili, mawimbi ya minara huvuka mpaka bila kugongewa muhuri, na tarakimu hizo hizo 9 zaweza kuwa za mtu mmoja zikitanguliwa na +254 ya Kenya na za mwingine kabisa zikitanguliwa na +256 ya Uganda. Fundi makini huandika namba nzima, na namba inayofika bila msimbo wa nchi huikataa. Hata hivyo, namba ya mpigaji huweza kughushiwa na mjuzi, kwa hiyo penye mali nyingi pahitajika pia neno la siri.

Mtihani mgumu zaidi ni umeme. Nyaya kubwa zinazounganisha umeme wa Uganda na wa Kenya hupita Tororo, lakini jambo hilo haliwaepushi wakazi na kukatikiwa umeme. Rilei nyingi za madukani hushika pini inaposhuka hadi sufuri, na kwa hiyo katika programu amri ya kuinua pini sharti itangulie amri ya kuifanya itoe ishara. Mwandishi wa programu akiipa pini jukumu hilo mapema, kisha akangoja laini ipate mtandao kabla ya kuiinua, rilei itashika, na umeme ukirudi saa nane usiku geti litafunguka huku wenyewe wamelala. Uzuri wa kazi hii umo katika mpangilio wa mistari miwili ambayo mgeni hataiona kamwe, na anayeipanga vyema anastahili heshima sawa na mchomeleaji aliyenyoosha reli ya geti, kwani reli iliyopinda haiponywi na programu yoyote.

Swichi ya sumaku kwenye nguzo huijulisha bodi kama geti limefungwa kweli, na mwali wa infraredi husimamisha mota mtoto anapopita. Lakini vyote hivyo vyaweza kuharibika, na kila anayejenga geti la namna hii aache upande wa ndani kitasa cha kulifungulia kwa mkono, ambacho bodi haina uwezo wa kukizuia.