Mtunzi Mmoja au Kikundi? Uhakiki wa Hakimiliki ya Nyimbo za Siti binti Saad katika Sheria ya Zanzibar

Hakimiliki si miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa hiyo Sheria Na. 7 ya 1999 ya Tanzania Bara haivuki bahari. Unguja na Pemba zina Sheria ya Hakimiliki Na. 14 ya 2003. Hata hivyo, udhaifu unaohakikiwa hapa hauanzii katika vifungu vya sheria hiyo. Unaanzia kwa wahakiki wa fasihi.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alirekodi taarab ya Kiswahili mjini Bombay mwaka 1928, akafariki Julai 1950. Nyimbo zile zimezoeleka kuitwa "nyimbo za Siti", na Shaaban Robert, katika wasifu aliomwandikia, alimkweza kama shujaa wa pekee. Mazoea hayo yana gharama. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unaweka kima cha chini cha ulinzi kuwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ikiwa Siti ndiye mtunzi pekee, basi kwa kima hicho muda ulikwisha mwishoni mwa 2000, kabla Zanzibar haijatunga sheria yake.

Utafiti wa Laura Fair (2001) unatoa picha nyingine. Nyimbo zilitungwa kwa ushirika nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya Mji Mkongwe, yeye na wenzake akina Subeit bin Ambar, Mbaruk na Buda bin Mwendo wakijadili habari za mjini. Kwa kazi ya pamoja, Berne huhesabu muda tangu kifo cha mtunzi wa mwisho kati yao. Neno "za", dogo kiasi hicho, laweza kuwafutia haki warithi ambao hakuna aliyewauliza.

Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliziimba baadhi ya nyimbo hizo kwa miongo mingi. Haki yake ni ya mwimbaji, nayo haichanganywi na ya mtunzi. Uhakiki wa taarab huzichanganya mara kwa mara. Kila wimbo unaonukuliwa katika tasnifu unastahili kutajiwa mwenye maneno, mwenye lahani na mwenye sauti, kila mmoja mbali, na pale asipojulikana iandikwe kwamba hajulikani.